Fimbo Imeondoka, Wajibu Umebaki

Yako maneno mawili yasemwayo kila siku juu ya shule zetu za umma. La kwanza hutoka katika vinywa vya wazee. Wao husema kwamba tangu fimbo ilipopigwa marufuku, adabu nayo ilifunga virago ikaondoka, na haitarudi shuleni mpaka fimbo irudi. La pili hutoka katika vinywa vya wanafunzi. Wao husema kwamba kwa kuwa mwalimu hawezi tena kumpiga mtu, basi hapana awezalo, na mwanafunzi ni mfalme wa nafsi yake. Maneno haya huonekana kuwa mahasimu. Mzee akitamka lake, kijana hununa. Kijana akitamka lake, mzee hutikisa kichwa. Lakini mimi nasema kwamba ni ndugu wa tumbo moja. Yote mawili yamezaliwa na dhana moja, yaani kwamba wajibu wa mwanafunzi ulikaa katika ncha ya fimbo. Dhana hiyo ni ya uongo, nami nimeshika kalamu kuipinga. Nitaanza na wazee kwa maneno machache, kisha nitasema nanyi wanafunzi kwa kirefu, maana jambo hili ni lenu zaidi.

Kwanza tuijue fimbo yenyewe. Kanuni za nidhamu za mwaka 1972 ziliruhusu mwanafunzi achapwe, lakini ziliweka mipaka. Kosa lilipaswa kuchunguzwa kwanza. Adhabu haikupaswa kutolewa mbele ya wanafunzi wengine. Wala mapigo hayakupaswa kuzidi 6. Mipaka hiyo ilibaki katika karatasi. Mwaka 1999 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya adhabu ya viboko katika shule za Kenya, lakini aliyesoma zama hizo hakuhitaji ripoti ili ajue. Watoto walichapwa darasani mbele ya wenzao, kwa kuchelewa, kwa kukosa jibu la hesabu, hata kwa kukosa karo ambayo kuitafuta hakukuwa juu yao. Mwaka 2001 serikali iliifuta ruhusa hiyo ya viboko. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 29, ikampa kila mtu haki ya kutoadhibiwa kwa viboko. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, ambayo huzihusu shule za sekondari pia, ikakataza mapigo pamoja na mateso ya akili, na ikamwekea mwenye kuvunja katazo hilo faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili.

Sasa wazee wetu husema kwamba hapo ndipo maovu yalipoanza. Namwomba kila asemaye hivyo afungue kalenda. Mwezi wa Julai 1991, katika shule ya St. Kizito huko Meru, wavulana walilivamia bweni la wasichana waliokataa kujiunga na mgomo wao, na wasichana 19 wakafa usiku ule. Mwezi wa Mei 1999, katika shule ya upili ya wavulana ya Nyeri, viranja 4 walifungiwa katika vyumba vyao wakamwagiwa petroli na kuchomwa moto. Wakati huo fimbo ilikuwa halali kwa mujibu wa sheria, tena ilikuwa ikifanya kazi kila asubuhi. Mwezi wa Machi 2001, bweni la shule ya Kyanguli, Machakos, lilichomwa moto, na wavulana 67 wakaangamia. Wakati huo hapakuwa na mwanafunzi hata mmoja katika nchi hii aliyekuwa amefika shule ya upili bila kulelewa na fimbo. Basi ikiwa fimbo ndiyo mlinzi wa adabu, mlinzi huyo alikuwa wapi usiku huo?

Sitaki kuwadhulumu wazee kwa kutaja nusu ya habari. Mioto haikukoma fimbo ilipoondoka. Mwaka 2016 peke yake, zaidi ya shule 100 zilichomwa. Lakini hilo nalo lathibitisha neno langu. Ikiwa shule ziliungua fimbo ikiwapo, na zikaungua fimbo isipokuwapo, basi ugonjwa hauko katika fimbo wala dawa haimo ndani yake. Kuna kitu kingine kilichokosekana zama zile, na kinachokosekana hata leo.

Wazee hupenda kututajia methali isemayo, Mchelea mwana kulia hulia yeye. Ni methali ya kweli, lakini haikutaja kiboko. Mtoto hulia akikatazwa analolitaka. Hulia akilazimishwa kutengeneza alichokiharibu. Hulia akiambiwa ukweli asiopenda kuusikia, na akisimama mbele ya mzazi wake kueleza kosa lake kwa kinywa chake mwenyewe. Hicho ndicho kilio ambacho mlezi hapaswi kukichelea. Fimbo ilikuwa njia ya kukikwepa kilio hicho, wala haikuwa njia ya kukitafuta. Aliyevunja kioo cha dirisha alichapwa 4, akajipangusa macho, akaona deni limelipwa. Kioo kilibaki kimevunjika, na baridi iliendelea kuwapiga waliokaa karibu na dirisha. Fimbo ilikuwa adhabu ya dakika moja kwa kosa ambalo madhara yake yalidumu muhula mzima.

Nimemaliza na wazee. Sasa nageuka kwenu.

Nimewasikia wengine wenu wakisema, "Mwalimu akinigusa nitamshtaki." Ni kweli, una haki hiyo, na mwalimu akikupiga mshtaki. Lakini nakuuliza swali moja. Haki hiyo ulipewa ili ufanye nini? Punda huongozwa kwa fimbo kwa sababu haelewi maneno. Nchi ilipokuondolea fimbo ilikuwa inakwambia jambo kubwa, nalo ni kwamba wewe ni mtu, na mtu huongozwa kwa neno. Hiyo ni heshima. Heshima haina desturi ya kumpunguzia mtu mzigo, humwongezea. Anayeongozwa kwa fimbo hana haja ya kuwa na dhamiri, maana maumivu humfanyia kazi hiyo. Anayeongozwa kwa neno hana budi kubeba sheria ndani ya kifua chake, aende nayo hata pale asipoonwa na mtu. Kwa hiyo asemaye kwamba fimbo imeondoka na wajibu umeondoka nayo anajirudisha mwenyewe katika zizi ambalo wengine walipigana kumtoa.

Wajibu wa mwanafunzi si mwingi, wala si siri. Ni kufika kwa wakati, kwa sababu darasa la watu 50 linalomngoja mmoja kwa dakika 5 limepoteza zaidi ya saa 4 za maisha ya watu. Ni kutunza mali ya shule, kwa sababu hakuna mali ya serikali isiyotoka katika mfuko wa mtu. Dawati lile lilinunuliwa kwa kodi ya muuza mboga ambaye labda mtoto wake hatakaa juu yake kamwe. Ni kusema na watu kwa adabu, na watu hao si mwalimu peke yake, bali pia mpishi, bawabu na mwanafunzi mgeni wa kidato cha chini. Ni kufanya kazi yako kwa mkono wako, kwa sababu mtihani wa wizi hutoa cheti cha mtu mwingine chenye jina lako. Na juu ya yote hayo, ni kulinda uhai wa mwenzako kama unavyotaka uhai wako ulindwe.

Nayo malipo ya kuvunja wajibu huo hayakufutwa mwaka 2001. Yamebadilika sura tu, na mengine yamekuwa mazito kuliko viboko. Kosa dogo huleta onyo na kazi ya kutengeneza lililoharibika. Likirudiwa, mzazi huitwa. Likiwa kubwa, mwanafunzi husimamishwa masomo, na shauri lake hupelekwa mbele ya bodi ya usimamizi. Wengine hudhani kwamba kusimamishwa ni likizo. Hawajamwona mama aliyekopa nauli, akaacha kibarua chake, akasafiri tangu alfajiri ili aje kuketi katika ofisi ya mwalimu mkuu na kusomewa makosa ya mwanawe. Tena siku ya kumaliza shule ikifika, mwalimu mkuu huandika katika cheti cha kuondokea maneno juu ya mwenendo wako. Maneno hayo hayapangusiki kama vumbi la suruali. Utayapeleka mwenyewe, kwa mkono wako, kwa mtu unayemwomba kazi.

Juu ya bodi iko mahakama. Sheria za Kenya humruhusu hakimu kumfunga maisha mtu mzima aliyechoma jengo kwa makusudi, na mwanafunzi aliyetimiza miaka 18 huhesabiwa mtu mzima hata kama bado amevaa sare. Aliye chini ya umri huo naye asidhani kwamba sheria haimwoni. Mwezi wa Septemba 2017, bweni la shule ya wasichana ya Moi jijini Nairobi liliungua, na wasichana 10 wakapoteza maisha. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza alishtakiwa. Kesi ilichukua miaka, na mwisho wake Mahakama Kuu ilimtia hatiani kwa kuua bila kukusudia, akahukumiwa kifungo cha miaka 5. Sheria ilikuwa imekwisha kumkataza mwalimu asimguse hata kwa kiboko kimoja, lakini haikumwepusha na jela. Fikirini jambo hilo, ninyi mnaodhani kwamba kukosekana kwa fimbo ni kukosekana kwa malipo.

Lakini sikuja kuwatisha. Mwenye kuacha uovu kwa hofu ya jela ni ndugu yake yule aliyeuacha kwa hofu ya kiboko. Nataka kuwaeleza habari moja niliyoiona mwenyewe, kisha mpime.

Katika shule ya bweni niliyoanzia kazi, usiku mmoja wa muhula wa pili, bawabu alikuta mtungi wa plastiki wenye petroli nyuma ya bweni, umefunikwa kwa majani makavu ya migomba. Ndani ya bweni walilala wavulana 64. Asubuhi waliulizwa mmoja mmoja, na karibu wote walijibu neno moja kama waliolikariri: "Sijui, mwalimu." Baadaye ilijulikana kwamba zaidi ya nusu yao walijua. Walijua mtungi, walijua wenyewe, hata siku walikuwa wameambiwa. Bawabu hakuukuta mtungi ule kwa bahati. Aliambiwa na kijana mdogo wa kidato cha kwanza, aliyetoka kitandani usiku akaenda mpaka langoni huku akitetemeka.

Wavulana 3 waliitwa mbele ya bodi pamoja na wazazi wao, wakasikizwa, wakakiri. Mmoja alisema kwamba walikusudia kuchoma magodoro tu ili shule ifungwe, na kwamba walidhani kila mtu angeamka kwa wakati. Walidhani! Mama wa mmoja wao hakulia wala hakugombana. Aliuliza swali moja tu: "Na mdogo wako alikuwa amelala wapi?" Mdogo wake alikuwa kidato cha kwanza, katika bweni lile lile. Yule kijana aliinama, na hakujibu.

Mngedhani kwamba bweni zima lingemshukuru yule mtoto aliyekwenda langoni. Haikuwa hivyo. Walimwita msaliti. Mezani hakupata wa kuketi naye. Siku moja alikuta godoro lake limelowa maji. Alinijia akaniuliza, "Mwalimu, nimekosa nini?" Nilikuwa mgeni katika kazi, na jibu langu siku hiyo lilikuwa dhaifu. Namjibu leo mbele yenu nyote. Hukukosa kitu. Msaliti ni mtu anayewauza watu wake kwa adui. Adui wa wavulana 64 alikuwa mtungi ule, na waliowauza ni wale waliojua wakajifunika blanketi. Yule aliyekwenda langoni ndiye pekee aliyetimiza wajibu wake usiku ule. Alifanya hivyo bila fimbo nyuma yake, na bila zawadi mbele yake.

Hicho ndicho kitu kilichokosekana zama za fimbo, na kinachokosekana hata leo: mwanafunzi anayejihesabu kuwa mlinzi wa mwenzake. Hakuna bweni lililochomwa kwa makusudi na watu wengi bila mtu wa pembeni kusikia neno. Petroli hununuliwa, hubebwa, hufichwa. Kiberiti cha wachache huhitaji ukimya wa wengi. Na mwenye kunyamaza asijidanganye kwamba hakufanya kitu. Alitoa kile ambacho wachomaji hawakuweza kukipata dukani.

Hapa haki yanidai nijishtaki pia. Ukimya huu una walimu wake, na mimi nilikuwa mmoja wao. Mwaka mmoja mtu asiyejulikana alipasua kioo cha saa ya ukutani, nami nikaliadhibu darasa zima kwa kulifyekesha nyasi wakati wa michezo. Jioni mvulana mmoja alikuja akasema kwa adabu, "Mwalimu, nilikuwa tayari kukwambia aliyefanya. Lakini umetuadhibu sote, na sasa sote tuko upande wake." Sijapata somo bora kuliko hilo, hata katika chuo nilikofundishwa ualimu. Mwalimu anayewaadhibu wasio na hatia huwafanya wawe jeshi la mwenye hatia. Na mwalimu anayemtukana mwanafunzi, akamtajia umaskini wa kwao au ujinga wa babake, ameiacha fimbo ya mti akachukua fimbo ya ulimi. Sheria hukataza zote mbili.

Kwa hiyo wajibu una pande mbili kama sarafu. Kifungu cha 47 cha Katiba chataka kila mtu atendewe haki katika maamuzi ya utawala, na mwanafunzi ni mtu. Asihukumiwe kabla ya kuambiwa kosa lake na kupewa nafasi ya kujitetea. Shule isiyosikiliza haina haki ya kushangaa inapoona kwamba hakuna anayeiambia kitu. Yafaa kuwe na mikutano ambapo wanafunzi husema juu ya chakula, maji na masomo, na husikizwa bila mtu kuandikwa jina kwa kusema. Yafaa viranja wawe wasemaji wa wenzao, wasiwe askari wa mwalimu.

Lakini jihadharini, vijana, msije mkakigeuza kisa changu kuwa ngao. Mwanafunzi asiyesikizwa ana njia nyingi zilizobaki: kiranja, mwalimu wa darasa, naibu wa mwalimu mkuu, mwalimu mkuu, mzazi, bodi. Mlango mmoja ukifungwa, apige hodi mlango wa pili. Moto hauimo katika orodha hiyo. Moto haujapata kurekebisha uji mbovu wala kumhamisha mwalimu mkali. Moto haujui mwenye malalamiko na asiye nayo. Humla mwenye kitanda cha mbali na mlango. Na bweni likiisha kuteketea, bili yake hupelekwa kwa yule yule mchuma chai, mvuvi na muuza mitumba, ambaye hakupika uji huo wala hakuufungia mtu mlango.

Basi nawaachia neno la kufikiri. Katika kila shule kuna usiku ambapo mtu mmoja amelala macho wazi, akijua jambo ambalo walimu hawalijui. Pengine ni mtungi nyuma ya bweni. Pengine ni mwanafunzi mdogo anayepigwa na wakubwa kila jioni, au simu yenye picha za kumwaibisha mwenzake, au bangi ndani ya sanduku. Mwalimu amelala. Mwalimu mkuu yuko mbali. Hakuna fimbo ya kumwamsha wala ya kumtisha. Kuna yeye na moyo wake, na hatua zilizobaki mpaka langoni.

Huko ndiko nidhamu inakopimwa. Usiku huo ukikufikia wewe, usingoje kuambiwa. Amka, vaa viatu, uende.